Muguu wa Paluku

Ule muguu wa Paluku ulinigarimu Paluku mwenyewe. Nimepiga hesabu mara mbili, jibu ni lile lile.

Mwanangu, wakati tulikuwa vijana, mimi na yeye tulisukuma chukudu moja, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, tunatosha maharagi Musienene tunaleta Butembo. Nakumbuka kwenye muteremuko, ubao ulimukwangua muundi. Kidonda kidogo, tulicheka, tukaendelea.

Kisha siku kidogo muguu ukavimba. Ngozi yetu nyeusi haionyeshe wekundu vizuri, mais ilikuwa inangaa, imekazana, na nilipogusa ilikuwa na moto kuliko muguu mwingine. Homa ilimutetemesha. Nikasema twende kwa infirmier, muuguzi wa hospitali. Dada yake mukubwa, Masika, akakataa: Paluku amekanyaga dawa ya mulozi ya kutegwa, na mwenye kuitega ni mimi, ili nibaki na chukudu peke yangu. Yeye na jamaa walikuwa wamekwisha kuita mutu wa kumuchanja na wembe, atie unga wa dawa. Nikamuangalia Paluku aseme kitu. Akaangalia ukuta.

Basi nikafanya kile ninajua: kupatana bei.

"Yaya Masika, munitukane vile munapenda, mais tumupeleke leo. Infirmier akishindwa, chukudu ni yenu."

"Na kamba zake?"

"Na kamba zake."

Infirmier alichora na kalamu ya bic kuzunguka mwisho wa uvimbe, akamupiga sindano. Alisema ni microbes, vidudu vya ugonjwa, ziliingilia kwenye kale kadonda. Kuchanja kungezifungulia mulango ingine. Polepole uvimbe ukarudi ndani ya ule mustari. Paluku akapona.

Nilishinda. Chukudu ikabaki yangu, na hakuna mutu wa kuishika nyuma kwenye muteremuko. Paluku, haya ya kukosa kunitetea ilimushika. Akiniona barabarani anavuka. Sasa tumezeeka, anavuka polepole sana, nina muda wa kumuangalia muzuri.

Donc mwanangu, ngozi ikivimba, ikapata moto, ikauma, uvimbe ukatembea, ao usaha na homa vikaja, usichanje, usikamue, usitafute mulozi. Kimbia kwa muganga wa hospitali siku ile ile, na dawa atakupa umalize yote, hata kama umejisikia muzuri. Mungu akulindie ngozi, na akulindie wale unasukuma nabo.

Mais wewe umesoma, nipe shauri. Jana nilimuona sokoni, anachechemea tena. Nimuendee mimi wa kwanza? Na nikimufikia, nianze na salamu, ao na muguu?