Usipanguse Meza Mapema

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya redio pale Thika, fundi mkuu hakunipa bisibisi. Alinipa kitambaa na onyo. "Wambui, hii meza haipanguswi mpaka customer ajaribu kitu yake na aende. Tumeelewana?" Niliitikia, ingawa moyoni nilimwona mzee mwenye maringo. Mwanamke wa kwanza katika karakana ile, halafu naanzia kwenye kitambaa!

Baadaye alinifundisha kazi yenyewe: kubadilisha mikanda ya mpira, kunyoosha springi, kutia mafuta kwa ncha ya sindano. Tone moja likizidi, mkanda unateleza na sauti inayumba.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Ruiru chini ya meneja asiyejua kungoja. Siku moja akaja Njeri, mama wa makamo, amekumbatia redio kaseti ya marehemu mamake. Kaseti ilikuwa imenaswa ndani. Gurudumu la mpira, lile dogo linalovuta utepe, lilikuwa limechakaa, likautafuna.

"Ni mami anatuombea, sisi watoto wake," alisema. "Hakuna ingine."

"Wambui, kata hapo pameharibika, unganisha, tumalize," meneja akanihimiza.

Nikakata kipande kifupi kama kidole, kilichojikunja vibaya. Nikaunganisha, nikabadilisha gurudumu, na kwa haraka zangu nikapangusa meza. Mfagiaji akabeba uchafu.

Njeri akabonyeza. Sauti ya kikongwe ikataja watoto: Kamau, Muthoni, Karanja, kisha moja kwa moja, amina. Njeri akanigeukia.

"Na mimi?"

Nilitoka mbio hadi shimo la taka. Mfagiaji alikuwa ameshawasha kiberiti. "Ngoja! Usichome!" Nikapiga magoti, nikapekua makombo na vipande vya waya, nikijilaani. Kile kipande cha utepe nilikipata kimegandia ganda la ndizi.

Nikakipangusa, nikakinyoosha kwa ukucha, meneja akiangalia saa. Nikakirudisha mahali pake. Jina lilitoka likikwaruza, lakini lilitoka: Njeri.

"Rudisha tena," alisema huku akilia. Nikarudisha, nikiogopa utepe usije ukakatika.

Mwaka jana nilistaafu. Vijana wanazitafuta tena redio zile za zamani, nao huja kuniuliza siri ya kazi. Nawaonyesha mikanda na springi. Siku ile ya mwisho wenzangu walinishangaa, maana nilikunja aproni, nikawaaga, nikaiacha meza yangu na vumbi lake lote. Mteja wangu wa mwisho alikuwa bado hajaja kujaribu redio yake.