Maboga Mawili Ghalani kwa Mkwe

Nilirudi Mbozi kutoka Ulaya na masweta mawili, shahada moja, na kazi isiyoelezeka. Huko masomoni nilikuwa napima uzito wa chembe ndogo zilizomo ndani ya atomi. Wataalamu wenzangu watanikaripia kwamba kinachopimwa ni tungamo, si uzito. Wakae nalo hilo tungamo lao, mimi hapa nasimulia habari za posa.

Niliyetaka kumposa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, jirani na sekondari niliyopangiwa kufundisha fizikia. Kicheko chake ulikisikia kabla hujamwona. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa, mbishi wa kuzaliwa. Aliwahi kufanya kazi kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya Tunduma, akarudi na koti zito la huko ambalo hakulivua hata jua liwake vipi. Nikamtuma baba yangu mdogo awe mshenga, na jembe jipya la kufungulia mazungumzo, kama ilivyo desturi yetu. Jembe likarudi siku ileile.

"Kulikoni?" nikamuuliza.

"Mzee aliniuliza unafanya kazi gani, nami nikakusifu sana. Nikamwambia kijana wetu ni mtu wa kupima, amesomea kupima mpaka Ulaya!"

Jamani! Enzi zile za vijiji vya ujamaa ungeweza kumposea mwizi wa kuku ukasikilizwa, lakini si mtu wa kupima. Aliyechukiwa kuliko wote kijijini kwetu alikuwa karani wa mizani ya kahawa. Mkulima anapima kahawa yake nyumbani kwa debe, anabeba gunia mpaka ghala la kijiji, akifika kwenye mizani gunia limekonda. Akiuliza, karani anamjibu bila haya, "Kahawa imekauka njiani, mzee." Hata siku ya mvua ilikauka njiani! Na sasa baba mdogo alikuwa amemwambia yule mzee kwamba mimi nimevuka bahari kwenda kusomea mambo hayo.

"Rudi ukamweleze," nikasema. "Mwambie mimi situmii mizani kabisa. Napima vitu visivyoonekana."

Alirudi akihema. "Umeharibu zaidi. Anasema karani wa hapa angalau ana mizani. Lakini ametoa nafasi ya mwisho. Uende mwenyewe ukamwonyeshe, na ukishindwa, jembe letu lisikanyage tena kwake."

Nikaenda. Tuliketishwa kwenye ghala lake la kahawa, lililokuwa tupu msimu ule. Walikuwepo mzee na koti lake, mashangazi wa binti, baba mdogo na mimi. Binti mwenyewe alikuwa jikoni, ng'ambo ya ua, haruhusiwi kukaa nasi, ila kicheko chake kilitufikia.

"Mzee," nikaanza, "hizi chembe haziwekeki kwenye mizani. Nyingine hupotea kabla hujapepesa jicho. Kwa hiyo tunagonganisha chembe mbili kwa kasi kubwa. Hapo huzaliwa kitu kipya na kupasuka papo hapo, nasi tunapima vipande vilivyoruka. Kutokana na vipande tunajua kilichopasuka kilikuwa na uzito gani."

"Mnavunja kwanza, ndipo mnapima?"

"Ndiyo, mzee."

"Na serikali ya huko inajua?"

Mashangazi wakacheka. Nikaendelea. "Kuna kingine huponyoka bila kuonekana. Hicho nacho tunakigundua. Vilivyoruka kushoto na vilivyoruka kulia lazima vilingane. Upande mmoja ukipungua, ujue kuna kitu kimeondoka bila kuaga."

"Onyesha," akasema mzee.

Nikaomba maboga mawili yanayolingana. Tukayaning'iniza kwa kamba kwenye boriti, mzee akashika moja akarudi nalo nyuma upande wake, baba mdogo akashika la pili upande wetu. Nikawasihi wayaachie tu taratibu. Wapi! Baba mdogo alidhani heshima ya ukoo mzima iko mikononi mwake, akalisukuma kwa nguvu zake zote. Mzee naye hakukubali kushindwa nyumbani kwake. Bahati nzuri hasira zao zililingana, hesabu yangu haikuharibika sana.

Maboga yalikuwa yameiva mno. Yalipokutana, mbegu zilifika mpaka kwenye vilemba vya mashangazi.

"Uuuwi! Kitenge changu!" mmoja akapiga kelele. "Na sabuni yenyewe mpaka uivizie Tunduma!"

"Asifute mtu!" nikapaza sauti, adabu zote zimenitoka. "Hivyo ndivyo vipimo vyangu!" Nikaanza kuokota nyama ya boga begani kwa shangazi mtu. Kule jikoni mtu alicheka mpaka akakohoa.

Tulikusanya kila kitu. Nikaning'iniza ufito katikati, kikapu huku na kikapu huku, cha upande wa mzee na cha upande wetu. Hata kilichoruka mbali nilikifanyia hesabu yake. Kikapu cha mzee kikabaki juu. Nikapekua sakafu, nikarudia kupima. Kikabaki juu.

Baba mdogo akanifinya paja. "Sema kuku wamekula," akaninong'oneza. "Sema maji ya boga yamenywewa na sakafu. Sema lolote, mwanangu, tuoe!"

"Vimelingana?" mzee akauliza.

Nikisema ndiyo, nimepata mke. Nikisema hapana, nimemshuku mkwe ghalani mwake, mbele ya dada zake. Kule jikoni kicheko kilikuwa kimekoma.

"Havijalingana, mzee. Upande wako umepungua. Kuna kipande kizito kama pakiti ya chumvi, kimeruka kuja kwako, na hakijaonekana."

Baba mdogo akajifunika uso.

"Unaniita mwizi?"

"Nakwambia kipimo kinavyosema, mzee."

Akasimama. Akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akaingiza mkono kwapani, akatoa pande la boga lililomlowesha shati lote. Shangazi mmoja akasema, "Ee Mungu wangu!" Mzee akaliweka kwenye kikapu chake. Ufito ukayumba, ukarudi, ukatulia karibu sawasawa.

"Miaka yote kahawa yangu inapungua, naambiwa imekauka njiani," akasema. "Wewe hukusema limekauka. Haya, liko wapi lile jembe?"