Mapipa Matatu ya Waziri wa Taka

Bweni zima walimwita Waziri wa Taka, na jina lenyewe alilipenda kuliko lile alilopewa na babake. Binti huyu wa mwaka wa pili alilelewa na mama asiyetupa hata mkebe, kwa hiyo alipofika chuoni na kuona chupa na karatasi zikichomwa pamoja nyuma ya jiko, roho ilimuuma. Akaomba, akasumbua wakubwa, mpaka akapewa mapipa matatu: la karatasi, la chupa na la makopo. Akayapanga chini ya ngazi, akayaringia kama watoto wake.

Balaa lilikuwa soda. Wenzake walitupa chupa zikiwa na mabaki, nzi wakahamia, na matroni, mama mwenye sauti nzito na hasira za karibu, akasema sasa basi.

"Mwanangu, Jumamosi asubuhi nikikuta nzi hata mmoja, mapipa yako yanarudi yalikotoka."

Wiki ile Waziri hakula akashiba. Alipita mlango kwa mlango akibembeleza: "Dada zangu, suuzeni chupa kwanza. Nawapigia magoti." Wengine walimcheka, wengine hata mlango hawakufungua. Alilala Ijumaa akijua ameshindwa.

Kumbe walimsikia. Jumamosi kulipokucha, bweni zima likashuka na chupa zake, hata zile zilizokaa mvunguni tangu muhula uliopita, wakazisuuza mabomba yote wazi, nyimbo juu. Tenki likakauka. Na bafuni, matroni ndiyo kwanza alikuwa amejipaka povu kichwani.

"Nani kamaliza maji?"

 Waziri alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini akapiga moyo konde.

"Ni mimi, Mama. Niliwaambia wasuuze chupa."

Mwenzake wa chumba hakungoja mengine, akakimbilia jagi lake la maji ya kunywa. Wengine wakamfuata, kila mmoja na lake, wakampitishia mama wa watu mlangoni huku wakiumana midomo wasicheke.

Matroni alitoka na taulo kichwani, uso hausomeki. Akainamia pipa moja moja. Nzi hakuna.  Matroni akatoa chupa tupu ya shampuu mfukoni mwa gauni lake.

"Hii inaingia lipi?"

"La katikati, Mama."

"Haijasuuzwa," akasema, akiitumbukiza. "Mtanisamehe. Maji yamekwisha."