Gari Lililozima Kwenye Lango la Makaburi

Mwanangu, nakumbuka Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, ukungu umeshuka hapa Toronto tangu alfajiri na haukuwa na nia ya kuondoka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikifanya kazi katika gereji ya Mzee Kilonzo kule Mount Dennis. Mzee Kilonzo alikuwa Mkamba wa Machakos, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Mimi ndiye niliyesomea ufundi chuoni, mimi ndiye niliyeshika mashine ya kupimia magari, na nilijiona daktari bingwa. Ucheke tu, hata mimi nacheka siku hizi.

Mashine ya leo inaingia mfukoni na kuongea na simu yako. Ile yetu ilikuwa na uzito wa tofali. Ukiichomeka chini ya usukani, kompyuta ya gari ilikupa namba ya kosa. Na ukiiomba kwa upole ilikupa zaidi ya hapo: kumbukumbu ya dakika ile kosa lilipotokea, gari lilikuwa na mwendo gani, injini ina joto kiasi gani, dereva amekanyaga mafuta vipi. Ukibonyeza kufuta, vyote hivyo vinapotea, taa ya injini inazimika kwenye dashibodi, na mteja anakushukuru. Kitufe hicho cha kufuta, mwanangu, nilikipenda kupita kiasi.

Alhamisi hiyo alikuja Bi Sakina kutoka Thornhill. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mzaliwa wa Tanga kama mimi, na kwa ajili hiyo tu aliziacha gereji zote za karibu naye akavuka mji kunifuata. Wao ni Ithna'ashari, Waislamu wa Shia, na Alhamisi ndiyo siku yao ya kuwazuru na kuwasomea waliotangulia. Mumewe, Bwana Murtaza, alikuwa amefariki hata mwezi haujatimia. Gari alilokuja nalo lilikuwa la marehemu, naye hakuwahi kuliendesha kabla ya msiba.

"Elia mwanangu," aliniambia, "gari hili haliniingizi makaburini."

Akanieleza. Kutoka nyumbani hadi makaburini ni mwendo wa nusu saa, na nusu saa yote gari linakwenda vizuri. Akifika langoni, akikata kushoto kupanda kilima cha makaburini, injini inakufa. Akiwasha tena, akijaribu tena, inakufa tena. Akigeuza kurudi nyumbani, halina neno. Dukani halizimi, msikitini halizimi. Nikamuuliza kwa nini asiliache barabarani akapanda kwa miguu. Akasema goti halimbebi, na hata lingembeba, anaona haya kuingia kwa miguu mahali alipokataliwa.

Nikachomeka mashine. Namba ikasema hewa ni nyingi, mafuta ni kidogo. Nikabadilisha sensa ya kwenye bomba la moshi, kwa sababu mara nyingi huwa ni hiyo, nikafuta, taa ikazimika. Nikamwambia aende kwa amani.

Alhamisi iliyofuata alirudi, taa imewaka, uso umempungua. Nikachomeka mashine, namba ni ileile. Safari hii nikasafisha nozeli za mafuta, nikafuta, nikamwambia tutakwenda pamoja na nitaendesha mimi.

Ukungu ulikuwa umerudi. Tulipotoka gereji redio ilianza yenyewe, ikiwa na sidii ndani. Kwanza mtu akakohoa, kikohozi kidogo cha kusafisha koo, kisha sauti ya kiume ikaanza kusoma dua, polepole, kama anayesoma peke yake chumbani.

"Ni yeye," Bi Sakina alisema. "Alijirekodi nyumbani, mimi nikiwa jikoni. Alikuwa akiisikiliza humu humu akienda kazini."

Tukaenda hivyo njia nzima, watu wawili walio hai na mmoja anayesoma. Kufika langoni, sikuona mtu, wala gari jingine, wala ndege. Mawe ya makaburi yalikuwa mafupi, na ukungu ulikuwa umeyafunika nusu. Nikakata kushoto, nikakanyaga mafuta kidogo tupande. Injini ikavuta pumzi moja, ikanyamaza. Taa zote za dashibodi zikawaka, usukani ukawa mzito, na katika kimya kile sauti ya marehemu ikaendelea kusoma.

Nikawasha. Redio ikakatika, ikarudi mwanzo, na marehemu akakohoa.

Sasa, nilijua sababu. Redio ile ilikuwa imefungwa ovyo, ikikosa umeme kidogo tu inasahau ilipofikia na kuanza upya. Nilijua hivyo, na bado mwili ulinisisimka hadi kisogoni. Nikapanda tena, injini ikafa tena. Nikawasha, akakohoa. Mara ya tatu sikujaribu. Niliogopa, mwanangu, mchana kweupe, mwanamume mzima.

Bi Sakina alikuwa ametazama mbele tu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Asubuhi ile tuligombana. Jambo dogo, hata silikumbuki. Nilimwekea chai na mkate mezani, akaondoka hakuonja. Saa saba nikapigiwa simu kutoka kazini kwake. Niambie kweli, Elia, wewe ni fundi na ni mtu wa kwetu. Gari hili lina ubovu?"

Unaona alichokuwa akiniuliza. Hakuwa akiniuliza habari za gari. Na mimi nilikuwa na jibu moja tu la kweli, nalo ni "sijui". Lakini nilikuwa nimekwisha kujisifia mbele yake mara mbili, na sikuweza kujishusha. Nikasema, "Bi Sakina, nimelipima lote. Halina ubovu. Hili si jambo la fundi."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi hataki nifike," alisema. Hakulia. Aliniambia kwamba wiki ijayo ni arobaini, wanawe watakwenda, yeye atabaki nyumbani. Nilipomfikisha kwake nilichomeka ile mashine na kufuta tena, taa isije ikamkera.

Kesho yake, wakati wa chai, nilimsimulia Mzee Kilonzo. Nilisimulia kwa mbwembwe, ukungu nikauongeza, hata kile kikohozi nikakiigiza. Nilitarajia atashangaa. Aliweka kikombe chini.

"Hilo kosa lilitokea gari likiwa na mwendo gani?" aliuliza.

"Sijui."

"Si mashine inaandika? Mbona hujui?"

"Nilifuta."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu, mzee."

Nikaanza kuchezea kijiko. Kisha akasema, "Hiyo gari imekuandikia barua mara tatu, na mara tatu umeichana bila kuisoma. Halafu ukamwambia mjane barua imetoka kwa marehemu. Elia, yule mzee amelala. Hawezi kuamka akajitetea. Kama hujui, si useme tu hujui?"

Nimekaripiwa mara nyingi maishani, tena kwa makelele. Hakuna karipio lililoniuma kama lile lililosemwa taratibu. Niliona aibu mpaka chai ikanishinda.

Mzee Kilonzo alifunga gereji asubuhi ileile, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, tukaenda Thornhill. Bi Sakina alitukabidhi ufunguo bila kuuliza kitu, kama mtu anayetoa nguo za marehemu. Mzee hakutaka mashine. Alimuuliza maswali tu. Lango liko juu au chini ya barabara? Unakata upande gani? Unaingia polepole kisha unakanyaga mafuta? Barabara zako nyingine zina vilima? Hazina, alijibu, kwao ni tambarare tupu.

Aliniambia nifungue boneti nisimame pembeni nitazame. Yeye akaingia, akawasha. Kutoka ndani nikasikia kikohozi, na Bi Sakina, aliyesimama mlangoni na khanga yake mabegani, akashika nguzo. Mzee Kilonzo alikanyaga breki kwa nguvu, akatia gia, akagusa mafuta taratibu.

Injini ikainuka upande mmoja, kama mtu anayepandisha bega. Nikasikia mluzi mwembamba. Injini ikafa pale pale, mbele ya mlango wa jikoni, mbali kabisa na kaburi lolote.

"Umeona?" mzee alisema.

Niliona. Raba inayoshikilia injini ilikuwa imekatika. Kila injini ilipojivuta kwenye kona ya mlima, iliuvuta na mpira unaopitisha hewa, na chini ya mpira huo kulikuwa na ufa mrefu usioonekana injini ikiwa imetulia. Ufa ukifunguka, hewa inaingia bila kompyuta kuipima, mafuta yanakuwa haba, injini inazima. Hewa nyingi, mafuta kidogo. Gari lilikuwa limesema kweli tangu siku ya kwanza.

"Mama," Mzee Kilonzo alimwambia, "hata ungekuwa unaenda harusi, kama iko juu ya kilima hii gari ingezima."

Bi Sakina alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nikasema, "Sikujua, Bi Sakina. Nilikudanganya kwa sababu sikujua. Nisamehe." Alisema, "Nimelala macho usiku mzima, Elia." Ningependelea anitukane.

Tulibadilisha raba na mpira siku ileile. Alhamisi ya arobaini aliniomba niendeshe, wanawe wakatangulia na gari lao. Na ukungu nao ulikuja, ungedhani umealikwa. Kikohozi, dua, nusu saa ya barabara. Tulipokaribia lango nilimwona ameushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Nikakata kushoto. Nikakanyaga mafuta. Mikono yangu ilikuwa inatoka jasho, nami ndiye niliyefunga ule mpira kwa mikono hiyohiyo.

Injini ikapanda. Sauti ya Bwana Murtaza ikapanda nayo, ikapita pale ilipokuwa ikikatikia, ikaendelea na maneno ambayo mimi na Bi Sakina hatukuwahi kuyafikia ndani ya gari lile. Nilisimamisha gari karibu na kaburi dua ikiwa inakwisha. Kukawa kimya. Nikanyoosha mkono kuzima redio, Bi Sakina akanishika kifundo cha mkono.

Tulisikia kiti kikisogezwa. Kisha sauti ileile, lakini sasa si ya dua, ni ya mtu aliye kwake, akiita kutoka chumba kimoja kwenda kingine:

"Sakina! Nimemaliza. Njoo tukale, chai inapoa."

Halafu sidii ikafika mwisho.

Mwanangu, sikugeuka kumtazama. Nilimsikia akicheka kidogo, kicheko cha pua, halafu akalia kilio ambacho alikuwa hajakilia tangu msiba. Alipofungua mlango alisema, si kwangu, "Nimesikia. Nakuja." Akapanda kwenda kaburini na goti lake bovu, na ukungu ukamfunika kabla hajawafikia wanawe.

Najua Bwana Murtaza alikuwa akimwitia nini siku aliyojirekodi: chai ya kawaida, ya siku ya kawaida. Sababu zote ninazijua, kuanzia ule ufa hadi waya wa redio. Na bado kila ninapopita barabara ile huwa nazima redio.

Basi nakuomba hivi. Iwe gari, iwe mtoto anayelia, iwe mwenzako aliyekununia, dalili ileile inapokuja kwako mara ya pili, usikimbilie kuizima taa ili upate utulivu. Keti nayo. Uliza ilitokea lini, wapi, mzigo ukiwa kiasi gani. Na ukiwa umeuliza yote na bado hukupata, tamka "sijui" kwa sauti inayosikika, maana aliyekuuliza anaweza kulibeba neno hilo akalala. Uongo wako hataweza kulala nao. Zaidi ya yote usiwatwike wafu mzigo wa ujinga wako, kwa sababu wanaoubeba ni walio hai waliowapenda.

Mungu akujalie subira ya kusikiliza hadi mwisho, mwanangu. Akupe mzee wa kuweka kikombe chini kwa ajili yako. Na kila lango unaloliendea kwa mapenzi, likupitishe.