RAM ya mbio ilizima laptop yangu siku ya mashindano, fundi wa Baraka akanifungua macho

Wakuu, amani kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa mjini Baraka, siongezi chumvi.

Nina gaming laptop ya mtumba. Ndiyo tunayochezea mpira wa video game, vijana wa hapa na wale wa kule Nundu.

Mara ya mwisho iliganda katikati ya penalti yao. Wakarudi kwao wakisema Baraka wezi.

Iliniuma sana.

Nikaagiza RAM, ile memori ya mashine, yenye mbio ya 3200 kutoka Uvira. Ya zamani, 2666, nikaitoa. Nilidhani itaivuta nyuma mpya.

FPS, yaani picha kwa sekunde, zikapanda tatu tu, kutoka 38 hadi 41!

Jumapili asubuhi, wageni wa Nundu wako njiani na pikipiki kuja kurudiana, mimi kiburi kikanipanda. Nikaingia BIOS, mipangilio ya ndani kabisa ya mashine, nikailazimisha RAM ikimbie zaidi ya uwezo wake.

Skrini nyeusi. Feni inazunguka, picha hakuna.

Nikakimbia kwa Yaya Neema, yaani dada Neema, fundi wa simu na kompyuta karibu na soko. Alikuwa amevaa nguo za kanisa. Hakunicheka. Alifungua laptop, akachomoa betri kubwa, kisha ile ndogo ya mviringo inayotunza settings za BIOS. Tukangoja.

Akarudishia. Ikawaka.

Wakuu, nilitaka kulia.

Akaangalia ndani, akauliza, "Hii nafasi ya pili iko bure. RAM ya zamani uliitoa juu ya nini?"

"Iko polepole, Yaya."

"Bamama wawili banabeba maji mingi kuliko mama mumoja mwenye kukimbia. Enda uilete."

Nikaenda, nikaleta. Akazipachika zote mbili, 8GB na 8GB. Ile mpya ikashuka hadi 2666 kumfuata mwenzake. Nikasema moyoni, basi, nimepata hasara.

Tukafungua mchezo.

FPS 57! Hazitetemeki.

Akanieleza kwamba RAM moja ni njia moja, na mbili ni njia mbili kwa wakati mmoja. Laptop yangu ilikosa njia, haikukosa mbio. Huyu mama hajasoma chuo chochote cha kompyuta, amejifunza kwa kufungua mashine zilizokufa. Namvulia kofia.

Mchana Nundu walitufunga 3-1. Hakuna kilichoganda, hakuna aliyelalamika. Kapteni wao akanishika mkono, akasema, "Leo mumecheza mupira wa kweli."

Yaya Neema alisimama nyuma yetu muda wote. Sisi tunapiga kelele za magoli, yeye ameinamisha sikio kwenye feni.

"Iko sawa," akasema, akaenda zake.

Nilichojifunza: kabla ya kukimbilia overclock, huko kulazimisha mbio, angalia kama slot ya pili iko tupu. RAM ya mbio si mbaya, ila laptop nyingi haziwezi kuifaidi.

Kama kuna ambaye overclock ya RAM ilimlipa kweli kwenye laptop, aweke hapa FPS zake za kabla na baada. Nipingeni, nitasoma zote.