Sahani ya Mchezaji wa Raga

Juzi niliona vijana wakicheza raga kwenye theluji huku Vaughan, karibu na Toronto, nikamkumbuka Mama.

Mama alisomea uuguzi katika mji mmoja kaskazini mwa Uingereza, na hata tulipohamia Toronto aliendelea kuishabikia timu ya raga ya mji ule. Alasiri moja, nikiwa mdogo, timu hiyo, mabingwa wa Uingereza, ilicheza na mabingwa wa Australia. Nyumba ilinukia iliki na maandazi ya moto. Kwenye televisheni, Waaustralia watatu walimwangusha kijana mmoja mfupi, wakamlalia.

"Inuka, mwanangu! Inuka!" Mama alipiga kelele.

Akainuka, damu puani, akausukuma mpira nyuma kwa mguu. Sasa najua ndiyo sheria yao. Siku ile nilidhani ameukasirikia. Kila walipomwangusha aliinuka, mpaka dakika za mwisho alipowapenya wote na kufunga. Waingereza wakashinda, Mama akalia.

Nikaweka sahani ya tatu mezani, kando ya zetu mbili.

"Ya nani hiyo?"

"Ya kaka. Si umesema ni mwanao?"

Mama hakunicheka. Aliijaza maandazi, akaniambia kwamba alipofika mji ule hakumjua mtu yeyote, na uwanjani kwa timu hiyo ndipo mtu wa kwanza aliposogea kando kumpa nafasi, akamwambia, "Njoo ukae nasi."