Kopo la Bi Tahani

Simsim, mbwa wa Bi Tahani, akila kuku hujikuna mpaka atoke damu. Mama huyu, fundi cherehani wa Shubra, Kairo, hakubabaishwa na mifuko ya bei mbaya. Alichagua chakula kikavu cha mbwa chenye nyama ya kondoo, kile rahisi kinachopimwa kwa kilo dukani kwa Wagdi, baada ya kusoma maandishi ya gunia neno kwa neno: kondoo na mchele, kuku hamna. Hata hivyo Simsim aliendelea kujikuna.

Mwingine angelitukana gunia. Yeye alisimama pembeni akamtazama Wagdi akihudumia wateja watatu, kisha akapandisha sauti.

"We Wagdi! Kopo umelitoa kwenye kuku sasa hivi, unalitumbukiza kwenye kondoo wangu?"

"Hajjat, kwani huyo ni mbwa au binti mfalme?"

"Fungua gunia jipya. Kopo nimekuja nalo."

Baada ya miezi miwili Simsim alikuwa ameota manyoya mapya. Siku hizi kila gunia la Wagdi lina kopo lake, naye huwaambia wateja kwamba wazo hilo alilibuni mwenyewe. Bi Tahani humsikia, kisha humnyooshea kopo alilokuja nalo.